Jinzi za Wali wa Mnero

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtoto wa Mnero, kijiji chetu wilayani Nachingwea, kusini mwa Tanzania, hakupimwa nguo, alipewa. Ikiwa kubwa aliambiwa ataikulia, ikiwa ndogo aliambiwa avumilie mpaka mavuno. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha mgawo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina ya nchi, RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, ikileta majora mawili matatu, na duka la kaya likapata kipande tu cha hayo. Mwenye kadi alipanga foleni tangu alfajiri bila kujua zamu yake itakuta kaniki, kitenge au rafu tupu. Sabuni ilipoadimika tulifulia majani ya mpapai. Kusini tuliumia zaidi kwa sababu ya njia: masika ikikolea, barabara ikikatika, na pale Rufiji pantoni ya Ndundu ikisimama, lori la Dar es Salaam halikuonekana Nachingwea kwa majuma.

Na hata kitambaa kingekuwapo, fedha ingetoka wapi? Zao letu lilikuwa korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000; msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho wakaiacha mbali. Bei ilikuwa ya kukatisha tamaa. Kisha ukaingia ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyapaka maua vumbi jeupe na kuyakausha kabla hayajashika. Mashamba ya babu zetu yaligeuka vichaka, na ndani ya vichaka hivyo upupu ukatambaa ulivyotaka.

Nyumbani kwetu palikuwa na cherehani. Ilikuwa Singer ya mkono, babu aliinunua kwa ujira wa mashamba ya karanga, ule mradi mkubwa wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufika mwaka 1951 ukiwa umeshindwa. Reli waliyoijenga kutoka Mtwara ilifungwa muda mfupi baada ya uhuru. Kwetu ilibaki cherehani. Mama alifundishwa kushona na masista wa misheni ya Mnero alipokuwa msichana: magauni, mashati, vitambaa vya altare. Suruali alijifunza mwenyewe, na alijifunza kwa kufumua.

Bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, watu wakamwita Mzee Ruksa. Sisi ruksa hiyo tuliiona katika belo za mitumba zilizofunguliwa sokoni Nachingwea. Jinzi zilikuwamo, ila zilikuwa za wanaume wa Marekani, zenye viuno ambavyo Mnero nzima haikuwa navyo. Muuzaji alizisukuma pembeni kwa bei ya kuziondoa machoni. Mama alizichambua moja moja. Aliinua mguu wa suruali kuelekea jua, akatazama mwanga unapopenya. Gotini ulipenya karibu kila mara, na makalioni pia. Lakini nyuma ya mguu, kuanzia chini ya mfuko hadi kisiginoni, kitambaa kilikuwa bado kizima, na urefu huo unatosha mguu mzima wa mtoto wa darasa la pili.

Kazi yangu ilikuwa kufumua. Nilikuwa darasa la tano, nikakabidhiwa wembe wa nusu na onyo la kutosha. Jinzi haifumuliwi kama gauni. Mshono wake wa ndani ya mguu umekunjwa, kitambaa kimoja kimekizungukia kingine, kisha ukapigwa mistari miwili. Ukikata mstari mmoja bado wa pili unashika. Mama alitaka kila kipande kitoke bila jeraha, kwa sababu alikuwa anakisoma. Alitandaza kipande cha mbele juu ya cha nyuma, msamba kwa msamba, akanionyesha kwamba havilingani. Cha nyuma kinapanda juu zaidi na pindo lake la msamba limeingia ndani zaidi, kwa sababu mtu akiinama mgongo unarefuka na tumbo linafupika. Mafundi wengi wa kijijini walikata mbele na nyuma sawasawa, kisha wakashangaa mtoto akiokota kitu chini makalio yanabaki nje.

Mwaka ninaousimulia ni 1986, kipupwe, ufuta umekwisha kuuzwa. Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayebeba jando la wapwa zake. Mjomba wetu alikuja jioni moja akakaa kwenye kigoda uani, akazungumza habari za mvua na za watu, mpaka akafika alipokuwa anakwenda.

"Dada, wapwa zangu mwaka huu hawatoki na kaptura za kaki."

"Watatoka na nini?"

"Jinzi."

"Za dukani?"

"Duka lipi, dada? Nimekuja kwa mwenye cherehani."

Walikuwa tisa kumbini, mdogo wangu wa kiume akiwa miongoni mwao, wengine wana wa mama wadogo na wa majirani. Asiyekulia kusini huenda asielewe uzito wa nguo ile. Kijana akiingia kumbini nguo zake za zamani humwishia huko. Siku wali wanapotoka (wali ndio hao vijana wa jando) kumbi huchomwa moto, nao huondoka bila kugeuka nyuma, wakaoshwa, wakapakwa mafuta, wakavikwa vipya kuanzia kofia hadi miguuni. Kijiji kizima husimama kuwatazama. Ukoo unaweza kulala na njaa, lakini mwali wake hatoki na nguo ya kuazima.

Shida ya kwanza ilikuwa vipimo. Mwanamke hakanyagi kumbini, na mwali haji nyumbani kupimwa. Mama hakutaka kukisia kwa kaptura za zamani, kwa sababu kumbini vijana hulishwa. Ugali, kuku, maharage, kila nyumba inapeleka chakula. Mtoto anayeingia na mbavu za kuhesabika hutoka na mashavu. Basi akampa mjomba kitita cha kamba za katani, kila moja ndefu kuliko mtu, na nyuzi za rangi nne. Akamkataza kufunga mafundo, kwa sababu fundo hula kamba na kipimo kikafupika. Afunge uzi juu ya kamba tu: mwekundu mahali kiuno kinapotimia, kisha, kuanzia ncha ile ile kitovuni, kamba ipite katikati ya miguu, uzi mweupe kwenye msamba, mweusi kiunoni nyuma, na wa bluu kwenye kifundo cha mguu.

"Na usiwapime wamesimama," akamwambia. "Kile cha msamba, achuchumae."

Mjomba alicheka, akauliza suruali inavaliwa na mtu aliyechuchumaa? Mama alimjibu kwamba mtoto husimama akiwa kanisani na akiwa shuleni mstarini. Muda mwingine wote anachuchumaa, anapanda, anaruka mfereji, anaburura miguu mavumbini. Tangu siku ile sijapata maelezo bora zaidi ya namna ya kumpima mtoto suruali, na nimeshona maisha yangu yote.

Kamba zilirudi zimeviringishwa kwenye jani la mgomba. Mjomba hakujua kuandika vizuri, akaweka alama za kutambua wenyewe: hii imefungiwa unyoya wa kuku, hii ganda la korosho, hii kokwa la ukwaju, ya mdogo wangu kifungo cha shati lake. Mbili zilikuwa zimeangusha alama njiani. Zilikaribiana kwa urefu, kiuno kikatofautiana vidole vitatu. Mama alizitazama usiku kucha, asubuhi akaamua: zote mbili zikatwe kwa kiuno kikubwa, na ndani ya mkanda wa nyuma pande zote mbili aingize mpira, atakayekuwa mwembamba umvute.

Mpira huo ulikuwa tyubu ya baiskeli iliyochakaa, tukaikata vipande vyembamba kama vya manati. Hatimaye aliuweka katika suruali zote tisa. Aliona kwamba kiuno cha mtoto na nyonga zake ni karibu sawa, na tumbo limetangulia mbele. Hana mahali pa kuishikiza suruali kama mtu mzima. Ukibana mbele unalibana tumbo na chakula chake. Kwa hiyo mbele akauacha mkanda bapa, laini, nyuma ndipo ukakusanyika kwa mpira. Nyuma hapo hapo, chini ya mkanda, alikata kile kipande cha mteremko kinachozunguka makalio, akakifanya kifupi pembeni na kirefu katikati, ili suruali igeuke na mwili badala ya kuning'inia.

Shida ya pili ilikuwa zipu. Suruali za belo zilikuja na zipu nzuri za shaba, nami nilikuwa nimezifumua kwa uangalifu, nikazipanga sahanini nikizionea fahari. Mama akazikusanya akazitia kwenye kopo. "Zipu si ya mwezi huu," akasema. Nilikuwa na umri wa kutoelewa, hata bibi aliponong'oneza sababu. Vijana walikuwa wamepona, ila karibuni tu. Mama akaweka vifungo, na nyuma ya vifungo ulimi mpana wa kitambaa laini cha shati, usioacha uzi wala pindo gumu kugusa mwili. Mbele ya msamba akaongeza nafasi, zaidi ya ilivyoonyesha kamba. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba jinzi za kwanza, zile za fundi Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss waliopata hataza yao Marekani mwaka 1873, zilipigiliwa vipande vya shaba kwenye kona za mifuko na chini kabisa ya msamba, na kwamba kile cha msamba kiliondolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kubana matumizi ya metali. Mama hakusoma habari hizo. Vishaba vyote aliving'oa kwa koleo, mahali pake akapiga uzi wa kwenda na kurudi, mara nyingi, mpaka pakawa pagumu.

Uzi wa dukani ulikuwa mwembamba. Tuliukunja mara mbili tukaupitisha kwenye nta ya nyuki ndipo ukasimama. Sindano zilikuwa chache, na kila iliyovunjika ilituumiza. Kwenye Singer ya mkono fundi huzungusha kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto, lakini jinzi inataka mikono miwili, kwa hiyo mzungushaji nikawa mimi. Kwenye kitambaa kimoja niliruhusiwa kwenda. Tulipokaribia mahali mishono minne inapokutana, pale msambani, mama alisema "taratibu," nikashusha sindano kwa kuigeuza gurudumu kidogo kidogo, nikisikia inavyotoboa tabaka baada ya tabaka. Kabla ya hapo mshono ulikuwa umeshatwangwa. Tuliuweka juu ya gogo, nikaupiga kwa mchi wa kinu mpaka ukalala, kwa sababu kilichovunja sindano ni ule mwinuko, na ukiulaza kwanza sindano inapita. Baada ya kushona, pasi ya mkaa.

Vipande vya mbele vya miguu aliviunganisha gotini makusudi. Hapakuwa na kipande kizima cha mbele katika suruali ya mtumba, goti lilikuwa limekufa, basi akakata juu ya goti na chini yake, akashona, na upande wa ndani akatandika kiraka. Watu walidhani ni urembo. Chini aliacha pindo la vidole vinne, na kwenye mshono wa ndani ya paja akaacha kitambaa cha akiba ambacho fundi mwingine angekikata akatupa. Mwaka uliofuata niliifumua mwenyewe suruali ya mdogo wangu, pindo likashuka, mstari wa rangi mbichi ukaonekana pale lilipokuwa limekunjwa, naye akaivaa tena.

Kuna jambo nalisema kila ninapopata wa kulisikia. Jinzi za watoto za leo, za dukani na za mtumba, nyingi zimechanganywa na uzi unaovutika. Zinamkaa mtoto siku ya kwanza, wazazi wanaridhika. Mvutiko ule unaficha ukataji mbovu. Ukichoka, suruali inashuka kiunoni na kubana mapajani kwa wakati mmoja, na mtoto anashinda akiivuta juu. Kitambaa kigumu hakisamehe, lakini kilichokatwa sawa juu ya mwili wa mtoto kinaendelea kuwa sawa mpaka kinachanika kwa uzee.

Siku ya wali kutoka, sisi wanawake tuliona moshi kwanza. Ulipanda nyuma ya miembe, ukasimama wima kwa sababu asubuhi ile haikuwa na upepo. Vigelegele vikaanza kabla hatujaona mtu. Kisha ngoma, kisha wanaume wamewazunguka, kisha wao, nyuso chini, kofia zimeshushwa, mashati meupe na jinzi tisa za bluu zisizofanana, kwa kuwa kila moja ilitoka kwa mzee wake tofauti kule Marekani. Moja ilikuwa imepauka kama mbingu ya mchana, nyingine karibu nyeusi.

Mama hakupiga kigelegele. Alisogea mpaka mbele ya mkeka, macho kwenye viuno. Wali walipofikishwa kwa wazee ikawabidi wachuchumae kutoa shikamoo, wote kwa pamoja, na hapo ndipo nguo za sikukuu za miaka ile zilipokuwa zikiaibisha watu. Niliwahi kumsikia mwali mmoja akichanika msamba mbele ya umati. Tisa walichuchumaa. Mashati hayakuchomoka. Wakakaa hivyo muda wote wa maneno ya wazee, ambao haukuwa mfupi, wakainuka, na hakuna aliyepeleka mkono kiunoni kuvuta. Wale wawili wa kamba zisizo na alama, mmoja mpira ulimkusanya kidogo nyuma, mwingine ulimkaa kana kwamba amekatiwa peke yake. Ndipo mama akaachia sauti, ndefu, hata mjomba akageuka.

Watu walianza kuja juma lile lile. Kutoka Mnero Ngongo, kutoka Ruponda, mmoja kutoka Ruangwa, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya yetu. Walileta jinzi zao kubwa begani na mtoto mkononi. Mama alianza kwa kumchuchumaza mtoto.

Mimi niliomba ya kwangu. Bibi hakutaka kusikia. Mwaka 1969 Vijana wa TANU huko Dar es Salaam walikuwa wameendesha operesheni dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Bibi habari hiyo aliipata redioni, na kwake mjadala ulifungwa siku ile. Mama hakubishana na mama yake. Alinishonea kimya kimya kutokana na vipande vilivyobaki, nyonga akazipa nafasi zaidi kuliko za wavulana, kiuno akakiingiza, akaniambia ni ya shambani, juu yake nijifunge khanga mpaka tupite nyumba ya mwisho.

Kipupwe kilikuwa bado hakijaisha, na tulikuwa tunafyeka chini ya mikorosho ya babu ili maua yakishika tuweze hata kuingia. Upupu ulikuwa umekauka, maganda yake ya kahawia yakipeperusha manyoya kwa kuguswa tu. Binamu zangu wa kike walifyeka kwa magauni. Jioni walirudi wakijikuna hadi damu, wamepakwa majivu kutoka mapajani hadi vifundoni, mdogo wao akilia bila kunyamaza. Mimi nilikuwa nimevua khanga shambani, na sikuwa na kipele juu ya vifundo vya miguu. Bibi aliniita karibu na moto, akaikunjua jinzi kuanzia chini, akaukagua mguu wangu kwa kidole, akaukagua na wa pili.

Asubuhi yake alikwenda kwa mama akiwa ameshika mkono wa yule mdogo aliyekuwa akilia, wenzake wakimfuata nyuma.

"Mwanangu, na hawa washonee. Korosho haitasubiri."

Mama akatoa futi kamba kwenye droo ya cherehani. Bibi akamgeukia mtoto.

"Chuchumaa, mjukuu wangu. Upimwe."